Sura nne kwa siku, au mistari michache?

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukitaka kuimaliza kwa mwaka, soma sura 3 au 4 kila siku. Utaona habari nzima, Mwanzo hadi Ufunuo, lakini wengi hukwama Mambo ya Walawi, kitabu cha tatu, kilichojaa sheria. Ukikosa siku tano unadaiwa sura 16 hivi, na unaanza kusoma ili ulipe deni tu. Afadhali ziruke, uendelee na za leo.

Njia ya pili ni mistari 5 hadi 10, tuseme ya Injili ya Marko: isome mara mbili, kwa sauti ukiweza, andika neno lililokugusa, uliombee. Hatari yake ni kung'oa mstari kwenye muktadha, kwa hiyo pitia sura nzima kwanza. Aliyechoka rohoni aanze na hii.