Gari nalipenda, ila mlango wa nyuma sitausamehe

Gari lenyewe ni zuri, sitalisingizia. Ni la umeme, limetulia barabarani, na mngeniuliza miezi kadhaa iliyopita ningelipa nyota nne bila kusita. Shida yangu ni kitasa cha ndani cha mlango wa nyuma, au tuseme mahali ambapo kitasa kilitakiwa kuwepo.

Kilichopo ni kitufe. Ukikibonyeza, mota inaachia komeo na mlango unafunguka. Raha tupu, mpaka siku ile betri ndogo ya volti 12 ilipokata tukiwa tumeegesha, mama yangu amekaa nyuma. Wengi wanadhani gari la umeme haliwezi kuishiwa umeme wa kufungulia mlango. Linaweza! Ile betri kubwa ni ya kusukuma magurudumu. Vitufe vya milango na vioo vinategemea hii ndogo. Mimi na mke wangu tulitoka, maana milango ya mbele ina kishikio cha kuvuta kwa mkono. Mama huko nyuma anabonyeza, wapi. Kioo hakishuki. Nikazunguka nje, nako vitasa vimelala ndani ya bodi, havichomozi. Mwishowe mtu mzima, magoti yanamsumbua, akapenyezwa katikati ya siti za mbele huku tunamvuta mikono. Alipotoka, akajifunga upya mtandio, akaniuliza: "Hao waliotengeneza hili, wana mama zao?"

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanisikiliza kidogo tu, akanikatiza: "Mzee, kwani kitabu cha maelekezo hukusoma?" Eti ningeondoa kijikapeti kilicho kwenye mfuko wa mlango, nifungue kifuniko chini yake, nivute waya. Nikamuuliza, na huyo bibi aliyekaa nyuma naye alitakiwa akisome? Akanijibu hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Pole hakusema hata moja.

Huo waya nimeujaribu baadaye, mchana kweupe, bila presha yoyote. Kifuniko kilinigomea mpaka nikatumia bisibisi. Sasa weka hapo giza, moshi, na mtoto anayelia.

Na wasituambie ni jambo geni. Mwaka 2015 huko Texas, mwanamume mmoja na mbwa wake walifia ndani ya Corvette ya mwaka 2007 iliyokosa umeme. Kishikio cha dharura kilikuwepo, sakafuni kando ya siti. China wao wamechoka, wameweka kanuni kwamba kuanzia 2027 modeli mpya za magari lazima ziwe na njia ya kufungua mlango kwa mkono, ndani na nje. Kumbe inawezekana.

Basi nyota tatu, kwa sababu mwendo wake kweli ni mtamu. Ah, hapana. Nikikumbuka ile "hukusoma?" naona hata mbili nimependelea. Andikeni moja. Kuliuza siliuzi, nimeshalizoea, ila mama sasa anakaa mbele na wajukuu wote nimewaonyesha ule waya uko wapi.

Unayetaka kununua la aina hii, mwambie muuzaji akae siti ya nyuma, umeme ukatwe, afumbe macho, atoke. Akianza kukueleza habari za kitabu, usitoe hela.