Kamba wa kukaanga katika mgahawa wa ufukweni Mwanza: jiko zuri, orodha yenye walakini

Mgahawa ninaouzungumzia uko kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, mahali ambapo mtu akikaa meza za nje huliona Jiwe la Bismarck kwa mbali na kupata upepo wa jioni bila kusumbuliwa na honi za bodaboda. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni malalamiko, na malalamiko yenyewe hayahusu jiko bali maneno machache yaliyochapishwa kwenye orodha ya vyakula.

Chini ya kichwa cha vyakula maalumu paliandikwa hivi: “Kamba zilizokaangwa, kutoka kwa wavuvi wa kamba wa ziwa letu”, shilingi 28,000. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo niliyehamia Mwanza ukubwani, na sentensi hiyo ilinifanya niweke orodha mezani na kuisoma upya. Kamba zilizokaangwa ni zile za kufungia mbuzi, kama kuna mtu mwenye hamu ya kuzila. Kamba wa baharini ni kiumbe, na katika sarufi huchukua upatanisho wa viumbe: kamba huyu, kamba hawa, kamba waliokaangwa. Ile ya katani ndiyo kamba hii na kamba hizi. Tofauti nzima ya maana imebebwa na upatanisho huo, na mwandishi wa orodha aliukosea.

Kosa hilo ningelisamehe. Lililonishughulisha zaidi ni hao “wavuvi wa kamba”. Nilimuuliza kijana aliyetuhudumia ni akina nani, naye, baada ya kuniamkia kwa adabu, akanijibu bila kusita, “Ni wale wanaotega sangara, mzee, kwa ndoano nyingi kwenye kamba moja ndefu.” Nilicheka, lakini nikimtendea haki, jibu lake lilikuwa na mantiki kamili. Kiswahili hakina neno moja la kumtaja mtu anayevua kamba. Tunasema mvuvi, kisha tunaongeza ama kinachovuliwa, kama mvuvi wa dagaa na mvuvi wa pweza, ama zana inayotumika, kama mvuvi wa jarife. Muundo ni uleule, hivyo msikilizaji huamua maana kwa kutazama maji yaliyo mbele yake. Ukilitamka neno hilo katika delta ya Rufiji, hakuna atakayefikiria ugwe. Ukilitamka Mwanza, kijana aliyekulia kando ya mitumbwi anaona kamba ya ndoano, na sioni kwa nini alaumiwe. Maofisa wa uvuvi hupendelea kuandika kambamiti, na nadhani wanafanya vyema, kwa kuwa neno hilo halichanganyiki na ugwe. Kambakochi ni mnyama mwingine kabisa, mkubwa na wa bei ya kutisha.

Je, ziwa halina jamii hiyo ya viumbe? Linaye mmoja, mdogo, ambaye wanasayansi humwita Caridina nilotica, na kwa Kiswahili chetu cha pwani huyo si kamba, ni uduvi. Urefu wake ni wa sentimita moja au mbili hivi, na sangara wachanga humtegemea sana kwa chakula. Hakuna mtumbwi niliowahi kuusikia ukitoka Mwanza kwa ajili yake. Huingia kwenye nyavu za dagaa usiku, pamoja na dagaa wanaofuata mwanga wa taa. Ukipita soko la Mwaloni Kirumba na kuchota dagaa wakavu kwa kiganja, utawaona uduvi humo, wamejikunja, wepesi kama pumba. Huko pwani mambo ni tofauti, kwani wapo wanawake wanaoingia maji ya kina kifupi na kutanda uduvi kwa kitambaa, wakiukusudia wenyewe. Kuwaita wavuvi wa dagaa wa Mwanza wavuvi wa kamba ni kuwapa kazi wasiyoifanya.

Sasa chakula. Mpishi, nilipomwomba aje mezani, alikiri mara moja kwamba kamba wake hutoka Dar es Salaam wakiwa wamegandishwa, safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Walikuja tisa, wamekaangwa kwa kitunguu saumu na ndimu, mshipa mweusi wa mgongoni umetolewa kwa uangalifu. Vichwa vilikuwa vimeondolewa, jambo linalonisikitisha, kwa maana utamu wa mchuzi hukaa humo. Wawili walikuwa wagumu kidogo, dalili ya kuyeyushwa barafu kwa haraka. Wali wa nazi ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia, na pilipili ilisagwa siku hiyohiyo. Tulisubiri dakika 50, ambazo ni nyingi, lakini kwa kamba waliosafiri hivyo bei naiona ya haki. Mwenzangu aliagiza sato wa kukaanga na akala vizuri kuliko mimi kwa nusu ya gharama.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Katika orodha ileile mtu alikuwa amekata “zilizokaangwa” kwa kalamu ya wino na kuandika juu yake, kwa herufi nadhifu, “waliokaangwa”. Wavuvi wa kamba wa ziwa letu walikuwa bado wapo, na nikaagiza sato.