Vifaa vya Kuondolea Mibonyeo Midogo kwenye Kitako cha Bunduki: Kipi Ununue Kwanza

Kabla ya kutoa fedha, pitisha ukucha juu ya alama. Ukiteleza bila kukwama, nyuzi za mbao zimegandamizwa tu na zinaweza kuinuka tena. Ukinasa ukingoni, nyuzi zimekatika, na hakuna mvuke utakaoziunga. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue nini, ingawa wauzaji wengi huanza na kijaza nyufa.

Nafasi ya kwanza naipa pasi ya kawaida ya nguo, hasa ndogo isiyo na matundu ya mvuke, kwa sababu ncha yake bapa hugusa mbonyeo wote. Kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji na kukamuliwa huwekwa juu ya mbonyeo, kisha pasi hugandamizwa kwa sekunde chache hadi mvuke uishe, na kazi hurudiwa mara kadhaa. Nyuzi zilizofinywa hunywa unyevu, huvimba na kurudi mahali pake. Kitambaa cha nailoni kisitumike, kwani huyeyuka na kuganda kwenye mbao. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha tenganisha kitako na vyuma, maana mvuke ukipenya kwenye mtambo huleta kutu. Ikiwa kitako kina vanishi nzito, mvuke hautapenya na vanishi yenyewe inaweza kupauka, hivyo sehemu hiyo hukwanguliwa kwanza. Kitako kilichopakwa mafuta tu hakina usumbufu huo.

Kifaa cha kulehemu nyaya chenye ncha pana kinashika nafasi ya pili. Ni bora kuliko pasi kwa mbonyeo mdogo ulio karibu na mistari iliyochongwa ya kushikia, lakini joto lake ni kali na kikikaa mahali pamoja huunguza mbao, kwa hiyo sikipendekezi kwa anayeanza.

Kwa mikwaruzo iliyokata nyuzi, vijiti vya nta ngumu ni nafasi ya tatu: huyeyushwa, hujazwa na kusawazishwa, na huweza kutolewa baadaye ukibadili mawazo. Gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao ileile huja ya nne, kwani ni imara zaidi ila haitoki tena. Kijaza nyufa cha mkebe nimekiweka mwisho. Hakinyonyi mafuta kama mbao, hivyo kiraka huonekana kila mwanga unapopita.

Mbao ikishakauka kabisa, ongeza msasa laini wa namba 320 au 400 na mafuta ya mbegu za kitani, ukiyapaka kwa tabaka jembamba. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandazwe vikauke peke yake, kwa kuwa vikirundikwa huweza kuwaka moto bila kuguswa. Bunduki ya kale yenye thamani kwa wakusanyaji ni suala jingine: iache na mibonyeo yake, kwani wanunuzi wa aina hiyo hupunguza bei wakiona kitako kimeguswa.