TAHADHARI kwa madereva wa Marekani: anayeuza "bastola za gari" za majeshi ya zamani

Ndugu zangu mnaoendesha malori huku Marekani, na nyinyi wa teksi na wa kusambaza vifurushi usiku, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp na Telegram akiuza bastola kuukuu za kijeshi. Kiswahili chake ni safi, anajua njia tunazopita na vituo tunavyolala, na anajua kabisa hofu ya kulala peke yako kwenye lori mahali pasipo na taa. Bastola hizo anaziita "bastola za gari". Jina la duka lake hubadilika mara kwa mara, picha ni zilezile. Silitaji, kwa sababu kesho atakuwa na lingine. Mjue kwa maneno yake.

La kwanza ni hili: "Bastola ikipita miaka hamsini ni ya kale, haina haja ya karatasi, inakuja mpaka mlangoni kwako." Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu uongo wenyewe umefunikwa na punje ya ukweli. Kwa sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968, mpaka wa silaha kuhesabiwa kuwa ya kale ni kutengenezwa mwaka 1898 au kabla. Kati ya bastola anazouza, Makarov ya Kisovieti iliingia jeshini mwaka 1951, CZ 52 ya Chekoslovakia mwaka 1952, Tokarev ya Kisovieti miaka ya 1930. Hakuna hata moja inayokaribia mpaka huo. Miaka hamsini ina maana yake, lakini ni nyingine: silaha iliyofikisha umri huo ikiwa katika hali yake ya asili huingia kwenye kundi la silaha za wakusanyaji, na mtu mwenye leseni ya mkusanyaji kutoka ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha), ile ya aina 03, anaweza kutumiwa moja kwa moja kutoka jimbo lingine. Leseni hiyo ni dola 30 kwa miaka mitatu. Asiye nayo hupita njia ya wanunuzi wengine wote: bastola inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu ndani ya jimbo lako, unakwenda mwenyewe, unajaza Fomu 4473 ya serikali kuu ya ununuzi wa silaha, rekodi zako zinakaguliwa, ndipo unakabidhiwa. Na huyu jamaa anauza hata CZ 82 kwa maneno hayohayo ya miaka hamsini, wakati bastola hiyo jeshi la Chekoslovakia liliipokea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

La pili ni malipo. Nusu kwa Zelle au Cash App, na siku hizi anataka Bitcoin. Ukiuliza kadi ya benki anasema benki "zinawabana watu wa silaha". Ukishatuma, unapokea namba ya kufuatilia mzigo kwenye tovuti inayofanana na ya kampuni ya usafirishaji, kisha mzigo "unakwama": lipa bima, utarudishiwa ukipokea. Ukilipa bima, panatokea ada ya ukaguzi. Ukigoma, sauti inabadilika. Unapigiwa na mtu anayejiita afisa wa ATF, anakwambia jina lako limekutwa kwenye ununuzi wa silaha bila kibali, na kwamba kesi inaweza kufutwa kwa malipo. Hapo ndipo watu wetu wanapomaliza akiba yao, hasa wenye kesi za hifadhi ambazo hazijaamuliwa, kwa sababu wanaogopa kumwambia mtu yeyote.

Wapo pia waliopokea bastola kweli, mkononi, kwenye maegesho ya malori, kutoka kwa mtu aliyetumwa. Hao nawahurumia zaidi. Kununua bastola kutoka kwa mtu wa jimbo lingine bila kupitia muuzaji mwenye leseni ni kosa la serikali kuu, na mnunuzi naye yumo ndani ya kosa hilo. Akikwambia "rafiki yangu raia atakusainia", kimbia. Tangu mwaka 2022 kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa kuinunua ni kosa linalojitegemea, na kifungo chake kinafika miaka 15.

Sasa bastola zenyewe, maana hapa muuzaji anadanganya kwa namna inayoweza kuua.

Anayoisifu kuliko zote ni CZ 52. Anasema ina nguvu, inapenya mlango wa gari, na ina kifungio cha usalama kinachoshusha nyundo kwa kidole kimoja, hivyo unaiweka na risasi ndani ya chemba bila wasiwasi. Wanaozijua bastola hizi wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kuhusu jambo hilohilo: sehemu za ndani zinazotakiwa kuizuia pini, yaani kile chuma chembamba kinachowasha risasi, isigonge risasi zikichakaa, ukishusha nyundo kwa kifungio hicho bastola inaweza kufyatuka. Zina umri wa miaka sabini na kitu, zimepita mikono mingi, na kwa kuitazama nje huwezi kujua ipi imechakaa. Zaidi ya hayo, pini zake za asili ni dhaifu na huvunjika, hasa mtu akifyatua bila risasi. Yaani kitu anachokisifu kuwa ndicho usalama wake ndicho cha kuogopwa. Msiishushe nyundo ya CZ 52 kwa kifungio chake ikiwa na risasi kwenye chemba. Msiiweke kwenye gari namna hiyo.

Tokarev inatumia risasi ileile ya 7.62x25, nyembamba na yenye kasi kubwa. Kweli inapenya mlango. Itapenya pia wa gari la jirani lenye mama na watoto wake. Kiwandani haikuwekewa kifungio cha usalama cha mkono, ila pengo la nusu-kukoki kwenye nyundo, linaloishikilia nyundo katikati ya safari yake. Nyingi zilizoingizwa Marekani kihalali ziliongezewa kifungio ili zikidhi masharti ya uingizaji. Akikuonyesha isiyo na kifungio na akasema imeingizwa juzi, muulize alama ya mwingizaji iko wapi. Silaha inayoingizwa kwa biashara hupigwa chapa ya jina la mwingizaji kwenye chuma chake. Yeye hupiga picha upande mmoja tu.

Halafu kuna risasi anazozitupia kama zawadi, maboksi ya zamani ya Ulaya Mashariki. Sehemu kubwa ya risasi hizo zina chumvi kwenye kiwashio inayokula mtutu usiposafisha haraka, na baadhi zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki ndogo za rashasha, zenye shinikizo kali kuliko linalofaa bastola iliyochoka. Kwenye Makarov anafanya jambo baya zaidi, anasema "9 mm ni 9 mm". Si kweli. Risasi ya Makarov ni 9x18, na kichwa chake ni kipana, karibu milimita 9.27. Ile ya kawaida ya madukani ni 9x19, ndefu na yenye shinikizo kubwa. Ya tatu ni 9x17, fupi. Soma maandishi kwenye mtutu na kwenye boksi, yalingane, na usimwamini mtu kwa mdomo.

Kwenye Makarov hiyohiyo huwauzia watu za Baikal IJ-70, zilizoingia miaka ya 1990 kwa soko la raia, akizipachika historia ya jeshi la Kisovieti ili aongeze bei. Ni rahisi kuzitambua: kilengeo cha nyuma kinarekebishika, wakati cha Makarov ya jeshi hakirekebishiki. Walther P38 za Kijerumani za wakati wa Vita Kuu ya Pili nazo zina ugonjwa unaofanana na wa CZ 52, kushusha nyundo kwa kifungio si jambo la kuamini kwenye chuma kilichochakaa. Nagant ya 1895 ni bastola ya mzunguko, triga yake ni nzito mno, na risasi zake huzikuti kwenye duka la njiani.

Mkiniuliza mimi: katika hizi za zamani, kwa mtu anayeruhusiwa kisheria na aliyemwonyesha fundi wa silaha kabla ya kuipiga, Makarov ya kijeshi na CZ 82 ndizo zenye heshima. Makarov ni sahili, inabeba risasi nane, na kifungio chake huzuia nyundo vizuri. CZ 82 inabeba 12. Lakini kwa gari nisingechukua hata hizo. Lori linatikisika mchana kutwa, breki za ghafla zinarusha kila kitu, na bastola isiyo na kizuizi cha pini cha ndani, imesokomezwa kati ya kiti na mlango bila ala yake, ni hatari kwako kabla haijawa hatari kwa jambazi. Bastola za kisasa zilizotumiwa na polisi, zikarudishwa na kuuzwa na maduka yenye leseni, zina kizuizi hicho, na risasi na ala zake zinapatikana kila mahali. Muuzaji wetu hazitaji kamwe, kwa sababu mtu anazipata dukani kwa karatasi halali na yeye hapati kitu.

Na hiyo "bastola ya gari" utaipeleka wapi? Kibali cha jimbo moja hakikubaliki kwenye majimbo yote. New Jersey, New York, Illinois na California zimewafunga madereva ambao kwao walikuwa halali. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986 inakulinda unapopita, kwa sharti kwamba silaha haina risasi na hakuna anayeweza kuifikia kutoka kitini. Gari lisilo na buti, iwe kwenye chombo kilichofungwa, na droo ya dashibodi haihesabiki. Bastola ya namna hiyo haikulindi usiku. Kampuni nyingi za malori zinakataza silaha kabisa, soma mkataba wako. Na anayepeleka mzigo Kanada kupitia Detroit au Buffalo asithubutu kufika mpakani nayo.

Upande wa makaratasi ya uhamiaji niseme wazi, maana makundi yetu yamejaa Wakongo, Wabongo, Wakenya na Warundi wa hadhi tofauti. Aliye na viza ya muda, ya masomo, ya utalii au ya kazi, amekatazwa kumiliki silaha isipokuwa kwa misamaha michache, kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Asiye na hadhi amekatazwa. Mwenye Green Card anaruhusiwa, lakini akipatikana na hatia ya kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ameishi hapa miaka ishirini na watoto ni raia. Mwenye kesi ya hifadhi amwone wakili kabla ya kugusa hata risasi.

Anayetaka kununua kihalali aombe namba ya leseni ya duka, aikague kwenye FFL eZ Check, ukurasa wa ATF wa kuhakiki leseni za wauza silaha, kisha alipigie duka kwa simu aliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyopewa kwenye ujumbe. Matapeli hunakili leseni za maduka ya kweli. Aombe picha ya bastola ikiwa na karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku hiyo, pande zote mbili, alama ya mwingizaji ionekane. Mwenye mali ya kweli atapiga picha hizo. Huyu wetu atakasirika na kukwambia unampotezea muda.

Kama umeshatuma hela, ipigie benki simu leo, usingoje wikendi ipite. Zelle ikishapokelewa ni vigumu kuirudisha, lakini taarifa ya mapema huandikwa. Hifadhi ujumbe wote, sauti na namba, usifute kwa aibu. Ripoti kwa FBI kupitia ic3.gov na kwa FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wanunuzi, kupitia reportfraud.ftc.gov. Na yule "afisa" akipiga tena, kata simu. ATF haitozi faini kwa Cash App wala kwa kadi za zawadi, na aliyedai hela hizo ni yuleyule aliyekuuzia bastola.