Kutuma pesa kwa simu: menyu ya laini, USSD au programu?

Kampuni moja inaweza kukupa njia tatu za kufikia pesa zako, na usalama wa njia hizo haulingani.

Menyu iliyomo ndani ya laini, ambayo M-Pesa ilianza nayo Kenya mwaka 2007, inaonekana ya kizamani lakini tunaiweka juu ya USSD (misimbo ya nyota * na reli #) bila kusita. Maagizo husimbwa, yaani hugeuzwa yasisomeke, kwa funguo zilizo kwenye laini kabla ya kutoka kwenye simu, na namba ya siri inaweza kufichwa unapoiandika.

USSD inakubali simu yoyote, hata ya kitochi. Kiusalama ndiyo dhaifu kuliko zote. Ulinzi upo kati ya simu na mnara tu. Ukishaingia kwenye mitambo ya kampuni ujumbe hupita wazi. Namba ya siri nayo mara nyingi huonekana yote kwenye skrini, kwa hiyo aliyepanga foleni nyuma yako kwa wakala hahitaji utaalamu wowote. (Wanaotumia mwaka wa kuzaliwa wakumbuke kwamba wakala ameshakishika kitambulisho chao.) Kikao cha USSD kikikatika baada ya kuweka namba ya siri, angalia salio kwanza. Muamala huenda umeshapita, na ukirudia utatuma mara mbili.

Programu ya simujanja ingepaswa kuzishinda zote, ila inategemea aliyeitengeneza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichambua kwa kina programu 7 za pesa za nchi zinazoendelea, wakakuta mianya mizito, ikiwemo programu kutohakiki cheti cha seva inayoongea nayo, yaani uthibitisho kwamba kompyuta ya upande wa pili ni ya kampuni kweli. Pakua kwenye duka rasmi tu, na usiahirishe masasisho.

Mlango mkubwa wa wizi, hata hivyo, ni laini yenyewe. Tapeli akifanikiwa kuisajili upya namba yako kwenye kadi yake, meseji za uthibitisho zinamfikia yeye. Dalili ni mtandao kupotea ghafla ilhali wa jirani upo: piga huduma kwa wateja kwa simu nyingine papo hapo, akaunti ifungwe. Kuifunga laini kwa namba yake ya siri (PIN ya laini, siyo ya pesa) kunasaidia simu ikiibiwa. Dhidi ya usajili huu wa hila hakusaidii kitu. Ukiambiwa na "mhudumu" ubonyeze msimbo unaoanza na *21* au **21*, kata simu, maana huo huelekeza simu zako kwingine. Kagua kwa *#21#, futa kwa ##002#.

Meseji ya "umepokea" isikushtue pia. Jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na kwenye baadhi ya simu meseji bandia hujipanga pamoja na za kweli. Salio la kuamini ni la kwenye menyu. Anayedai amekosea namba aombe kurejeshewa kupitia kampuni, usimtumie wewe.

Huduma isiyoonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha tunaishusha chini katika ulinganisho huu.