Garaji ya njia ya Panzi iliyonifungia janti za zamani ku Land Cruiser 40 yenye diski mbele

Kama uko na Land Cruiser ya zamani hapa Bukavu, ulishatoa freni za tamburi (ngoma ya chuma) mbele ukaweka za diski, na sasa unataka kurudisha janti za chuma za kiwanda ili gari ifanane na vile ilitoka Japani, peleka kwenye hii garaji ndogo ya ku njia ya Panzi. Haina hata kibao, uliza tu wenye kuendesha taksi watakuonyesha. Nasema mapema nimeridhika sana, na nitaeleza kwa nini, juu kazi hii watu wengi wanaichukua kama ni kufungua ekru (nati) sita na kufunga ekru sita basi, kumbe hapana.

Yangu ni BJ40, dizeli, ilizaliwa na tamburi mbele na nyuma. Mwenye anaishi huku anajua: ukishuka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola umepakia, tamburi zinachemka mpaka unakanyaga pedali na gari inaendelea kama haikukusikia, na wakati wa mvua ukipita mu maji mengi zinalowana ndani, unafika ku kona ya kwanza hakuna kitu. Ndio maana nilitia diski mbele, vyuma vya Land Cruiser series 60, ile iliyotoka kati ya 1980 na 1990. Freni zikakuwa freni kweli. Ila gari ilikuwa imevaa janti pana za aluminiamu ambazo sijawahi kuzipenda, 40 haipendezi na vitu vya kung'aa vile, na zile za chuma za inchi 15 zilizokuja nayo zilikuwa mu depo zinaningoja.

Hazikuingia. Yani zinaingia ku gujoni (misumari ya uzi inayoshika janti) vizuri, matundu sita, 139.7 milimeta, kila kitu sawa, halafu ukitaka kuzungusha gurudumu linakwama. Etriye (chuma kinachobana diski) za Toyota za miaka ile ziko na pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na mwili wake hauteleziki, umefungwa pale pale, kwa hiyo nusu nzima ya chuma inatokeza nje kuelekea janti. Janti za wakati wa tamburi zilitengenezwa zipite juu ya tamburi tu, hakuna aliyefikiria etriye.

Garaji ya kwanza niliyouliza (silitaji jina, na haiko mbali na mjini) waliniambia jambo jepesi, tunapiga mele (mashine ya kusaga chuma) ku etriye tunaikata kidogo. Ndugu zangu, msikubali. Ile chuma ndio inashika presha yote ya mafuta ya freni, ukiipunguza hujui umebakisha unene gani, na hapa kwetu hakuna barabara ya tambarare ya kukusamehe. Wengine wanaweka kale (kipande cha chuma cha kujaza nafasi) katikati ya muaye (kitovu cha gurudumu) na janti ili isogee nje. Hiyo inaweza kukubalika lakini inakula gujoni: gujoni ya Land Cruiser hii ni milimeta 12 na hatua ya uzi ni 1.5, ekru inapaswa ishike uzi angalau urefu sawa na unene wa gujoni, maana yake mizunguko minane kamili. Hesabu kwa mkono, kama inafika mitano ikakaza, toa hiyo kale.

Hawa wa njia ya Panzi walifanya nini. Papa fundi hakusema bei, hakusema ndiyo, alichukua mastiki, ile ya kushikilia vioo vya madirisha, akafinyanga vipande viwili, kimoja akabandika ku kona ya juu ya etriye kimoja ku uso wake wa nje, akafunga janti tupu bila pine, ekru tatu tu, akazungusha polepole na mkono, akafungua. Ku janti ya 15 mastiki ya kona ilikuwa imekatwa mpaka chuma kinaonekana. Halafu akaleta janti ya inchi 16, ya zamani pia, ya Land Cruiser 75 ya kubeba mizigo, akarudia vile vile, na mastiki ikabaki. Akaichomoa kwa ncha ya kisu, akaipima unene na piye akulisi (kipimo cha milimeta), ndio nafasi iliyobaki kati ya janti na etriye, akaniambia: Papa, mimi chini ya milimeta tatu sifungi, hapa uko salama. Nikampenda pale pale.

Hizo 16 ni zile nyembamba zenye serkle (duara la chuma linaloshika pine ku janti), zinavaa pine ya 7.50-16 na mpira wa ndani, na ku 40 zinakaa vizuri ajabu, gari inasimama juu kidogo na inakuwa na ule uso wa kazi. Uzuri mwingine, ukitoboka porini kwado (fundi wa pine) yeyote anafungua na vyuma vyake vya mkono. Ubaya uko mu serkle yenyewe: ikiwa na kutu au haijakaa mahali pake, wakati wa kutia upepo inaweza kuruka na inaua mtu. Hapa waliisugua na brosi ya chuma, waliangalia mfereji wote, na walitia upepo gurudumu likiwa limefungwa na mnyororo, hakuna mtu amesimama mbele yake. Nimeona kwado wengine mjini wanakaa juu yake wakitia upepo, inanikera sana.

Ekru pia walizibadilisha bila mimi kuuliza. Za janti ya aluminiamu ya Toyota ziko na shingo iliyonyooka na ronde (kipete cha chuma) ya bapa, za janti ya chuma ziko na kichwa cha koni ambacho kinaingia mu tundu na kuweka janti katikati. Ukitumia za aluminiamu ku chuma zitakaza, utaona sawa, na zitalegea njiani.

Sasa yenye sikupenda. Wako polepole, gari moja kwa wakati, ukifika na haraka utakasirika. Kle ya kupima nguvu ya kukaza hawana, wanakaza kwa mkono na uzoefu, kwa hiyo nilikaza tena mwenyewe nikirudi Kavumu, na wao wenyewe walisema nifanye hivyo kabla ya kilomita 100. Bei ya kazi ni ya haki, janti zenyewe ndio ghali juu zimeanza kupotea.

Mukienda kununua zenu, angalieni Land Cruiser za mizigo za kabla ya 1999, ndizo ziko na matundu sita. Za kuanzia 1999 ziko na matano na hazitaingia hata upige nyundo. Na mpelekeeni fundi hata moja tu aipime na mastiki mbele hamjalipa zote.