Futi ya leza: ipi ununue kwanza, ipi uikodi tu

Madirisha sita ya aluminiamu, yote yamepungua sentimita 11. Hiyo ndiyo ada niliyolipa kujifunza futi ya leza, kile kifaa cha mkononi kinachopima umbali kwa mwanga badala ya tepu. Kifaa hakikuwa kibovu. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa mfukoni, kikahamia kupima kuanzia ncha ya mbele badala ya kitako. Mimi nikaegemeza kitako ukutani kama kawaida, na urefu wa kifaa chenyewe ukapotea kwenye kila kipimo. Aluminiamu ikishakatwa fupi hairefuki. Iliyokuwa ya sebule ikaishia kuwa dirisha la choo.

Dukani watu huuliza swali moja tu: inafika mita ngapi? Boksi nalo linajibu 100, 150, hata 1000. Hapo ndipo hela inapopotea, kwa sababu mita nyingi na usahihi ni vitu viwili, na mara nyingi vinakwenda kinyume.

Vifaa vinavyofika mbali hurusha mapigo mafupi ya mwanga na kuhesabu muda hadi pigo lirudi. Mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea nanosekunde moja tu (sekunde moja igawe mara bilioni) kwenye safari ya kwenda na kurudi, umekosea sentimita 15. Futi nyingi za mafundi hazifanyi hivyo. Mwanga wao hupanda na kushuka nguvu mfululizo, kisha kifaa hulinganisha wimbi lililotoka na lililorudi. Haziendi mbali sana, lakini zinasoma milimita.

Ya kwanza: ya mita 50 yenye jina linalojulikana. Bosch GLM 50 au Leica DISTO D2 (hii inafika 100) zina kosa la milimita 1.5 tu, juu au chini, kwa matumizi ya kawaida. Kama unadhani mita 50 ni chache, piga hesabu: kiwanja cha ishirini kwa ishirini, kona hadi kona, ni mita 28 na ushee. Chumba gani kitakushinda? Taabu yake ni jua. Saa sita mchana nukta nyekundu huioni ukutani hata kwa mita 15, na kifaa chenyewe kinaanza kuandika kosa. Tembea na kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, mwenzako akishike upande wa pili, au pima asubuhi. Kioo, maji na marumaru zinazong'aa nazo husumbua: mwanga hupita au hurukia kwingine, nawe unasomewa umbali wa kitu kilicho nyuma ya dirisha.

Ya pili: ndogo ya mita 20. Bosch GLM 20 ina kitufe kimoja, na kosa lake ni milimita 3. Fundi rangi, muuza mapazia na dalali hawahitaji zaidi ya hapo. Kwangu uchache wa vitufe ni sifa. Ningekuwa nayo siku ile, madirisha yangebaki salama.

Ya tatu: simu yenye laida (LiDAR), yaani kihisi kinachopima umbali wa vitu kwa leza. iPhone 12 Pro ya 2020 na matoleo ya Pro yaliyofuata yana kitundu kidogo kando ya kamera kinachorusha mapigo ya leza, mwisho mita 5 hivi. Unazunguka chumba taratibu, programu kama Polycam au Scaniverse inakujengea chumba kizima cha pande tatu: kuta, kabati, hata kochi. Ni nzuri mno kumwonyesha mteja aliye mbali. Lakini hesabu zake ni za sentimita, si milimita, kwa hiyo usikatie mbao. Kama tayari unayo, itumie. Usinunue simu kwa ajili hiyo.

Ya nne: ile ya boksi la 1000. Unaichungulia kama darubini. Ilitengenezewa wacheza gofu na wawindaji, na inapima kwa mapigo. Itakupa upana wa shamba au nafasi kati ya nguzo mbili kwa kosa la mita moja hivi. Anayekuuzia hiyo kwa kazi ya fremu za milango hajawahi kufunga mlango.

Ya mwisho: skana ya leza na droni. Leica BLK360 ilipotoka 2016 iliuzwa takriban dola 16,000. Hiyo ya kwanza ilipima nukta 360,000 kwa sekunde hadi mita 60, na unapata jengo zima kama wingu la nukta, yaani picha ya pande tatu iliyojengwa kwa nukta hizo. Droni iliyofungwa laida ya DJI Zenmuse L1 au L2 ina faida nyingine: pigo moja la leza hurudi vipande vipande, kingine kutoka kwenye majani, kingine kutoka ardhini, hivyo unaiona ardhi iliyo chini ya miti. Hizo kodi pamoja na mtu wake kwa siku. Droni pia inataka kibali cha mamlaka ya anga. Mgogoro wa mpaka wa kiwanja usiupeleke huko wala kwenye futi ya leza. Bikoni, yaani alama za mpaka, ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni.

Ukifika Kariakoo au duka lolote, nenda na tepu ya chuma. Tafuta kwenye kifaa lebo ya leza daraja la 2, maana yake nguvu yake haizidi miliwati 1. Isiyo na lebo iache, macho hayana spea. Kisha pima kaunta kwa tepu, halafu kwa leza mara tano bila kuhamisha kitako. Majibu yakipishana zaidi ya milimita 3, omba nyingine. Mwisho bonyeza kitufe cha kubadilisha ncha mara kadhaa, uone alama yake kwenye skrini ikoje ikiwa kitako na ikoje ikiwa mbele. Mimi siku hizi naitazama alama hiyo kabla ya kila dirisha, na bado kipimo cha kwanza cha siku nakirudia kwa tepu.